Haki, Fadhila na Kalamu ya Rais

Marais wa Marekani aghalabu hupimwa kwa mizani mbili: ya haki za kiraia na ya sera za uchumi. Ulinganishi huu hufanywa zaidi na Wamarekani wenyewe, kwa kuwa wao ndio wapigakura. Mkaazi wa Kinanie, katika Eneo Bunge la Mavoko, Kaunti ya Machakos, hampigii kura rais huyo. Hata hivyo, kalamu ya rais huyo yaweza kuamua iwapo mkaazi huyu atapata ujira mwisho wa mwezi. Mavoko ndiko uliko mji wa Athi River, na humo mna viwanda vya EPZ vilivyotokana na sheria ya 1990, ambavyo hushona nguo za kuuzwa ng'ambo. Kinanie yenyewe imetengewa ekari 500 za viwanda vya ngozi. Kwa mtu wa huku, swali la nani alikuwa rais bora huja na sura nyingine: ni nani aliyetoa haki, na ni nani aliyetoa fadhila?

Tuanze na Franklin Roosevelt. Sheria yake ya hifadhi ya jamii ya 1935 iliwapa wazee na wasio na kazi tegemeo ambalo hawakuwahi kuwa nalo. Lakini iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani, na Wamarekani Weusi wengi walikuwa katika kazi hizo hizo. Mwaka 1941, A. Philip Randolph alipotishia kuongoza maandamano hadi Washington, ndipo Roosevelt alipotoa amri ya kupiga marufuku ubaguzi katika viwanda vya zana za vita. Basi Roosevelt alijenga uchumi kwanza, na haki ikaja nyuma yake ikisukumwa.

Lyndon Johnson alijaribu kuvifunga viwili hivi kwa kamba moja. Maandamano ya Agosti 1963 yalikuwa yamefanywa kwa jina la kazi na uhuru, wala si uhuru peke yake. Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kiraia mwaka 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura mwaka 1965, akatangaza pia vita dhidi ya umaskini. Ila vita vingine, vya Vietnam, vilimla fedha na heshima. Pamoja na dosari hiyo, aliyebaguliwa kazini aliweza kwenda mahakamani kudai chake pasipo kumbembeleza mtu.

Bill Clinton ndiye aliyeifikia Mavoko. Mei 2000 alitia saini sheria ya AGOA, iliyoziruhusu bidhaa za nchi teule za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Nchini Kenya, makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliajiriwa katika viwanda vya nguo. Manufaa hayo hayakanushiki. Lakini mshonaji wa Athi River hakupewa haki yoyote mbele ya sheria ya Marekani. Alifunguliwa mlango ambao ufunguo wake ulibaki Washington. Muhula uliorefushwa mwaka 2015, enzi ya Barack Obama, ulikoma tarehe 30 Septemba 2025. Sheria ya namna hii, hata ikihuishwa, huja na tarehe nyingine ya kukoma.

Fauka ya hayo, mlango huo huweza kufungwa kwa jina la haki zenyewe. Januari 2022 Joe Biden aliiondoa Ethiopia katika AGOA kwa sababu ya ukiukaji wa haki za binadamu katika vita vya Tigray. Kosa lilikuwa la wenye bunduki, ilhali ajira zilizotikisika zilikuwa za washonaji wa Hawassa. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Ni kweli kwamba haki nayo hupunguzwa: mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliing'oa meno sehemu muhimu ya sheria ya 1965. Hata hivyo, kuna tofauti. Aliyenyang'anywa haki ana mahali pa kusimama na kuidai. Aliyenyimwa fadhila hana ila kuomba tena. Na haki haianzi kwa kalamu. Randolph alitangulia amri ya Roosevelt, waandamanaji wakatangulia saini ya Johnson. Wafanyakazi wa EPZ waligoma mwanzoni mwa 2003 wakidai hali bora za kazi, na dai hilo waliliwasilisha kwa waajiri na serikali ya nchi yao.

Kwa hivyo, ikiwa Johnson anawazidi wenzake katika mizani hii, si kwa ukarimu. Alikubali kuandika sheria ambayo ingemruhusu mnyonge kuishtaki hata serikali. Viwanda vya Kinanie vitahitaji masoko ya mbali, na hakuna ubaya. Lakini ujira, usalama wa kazini na uhuru wa kujiunga na chama vyafaa kuandikwa Nairobi, na mtu anayeweza kuulizwa na mpigakura wa Mavoko. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.