Mumiani Hana Vazi

Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Huenda hawakuifikiria sikukuu ya Halloween, ambapo kila tarehe 31 Oktoba watoto wa Marekani huazima, kwa jioni moja, sura za mizuka, wachawi na wanyonya damu, wakapita mlango hadi mlango wakidai peremende. Hata hivyo, methali hiyo ilimkaa moyoni mama mmoja Mkenya, mzaliwa wa Mombasa na mkazi wa Minneapolis. Mwanawe wa miaka miwili alitarajiwa kufika katika kituo cha kulelea watoto akiwa amevalia vazi la siku hiyo, naye mtoto alikwisha kujichagulia: joho jeusi aliloliona dukani, joho la vampaya.

Kifurushi cha dukani kilikuwa na suruali na fulana ya poliesta, joho la kufika vifundoni, barakoa na meno ya plastiki. Mama alivipima kimoja baada ya kingine. Meno ndiyo yaliyotangulia kukataliwa, kwani mtoto wa umri huo hutia kila kitu kinywani, na kipande kidogo huweza kuziba koo. Ikafuata barakoa: mtoto ambaye bado hujikwaa kizingitini hafai kuzibwa macho. Joho nalo lilifungwa shingoni kwa kamba, na kamba ya shingoni ikinaswa na kitasa au bembea hugeuka kitanzi. Si ajabu kwamba mwaka 1996 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo wa kuondoa kamba za shingoni katika makoti ya watoto. Tena pindo lilikuwa refu, na jioni hiyo mishumaa huwashwa ndani ya maboga yanayowekwa vizingitini.

Isitoshe, kulikuwa na baridi. Wenyeji wa Minneapolis hawajaisahau Halloween ya mwaka 1991, dhoruba ilipoanza siku hiyo na kumwaga theluji ya zaidi ya sentimita 70 kabla ya kutulia. Vazi lisiloruhusu sweta ndani yake, aliwaza mama, si vazi bali ni adhabu.

Basi akaamua kushona. Alichukua nguo nyeusi za kulalia za pamba, ambazo mtoto alizipenda na kuzizoea, akaongeza kizibao chekundu chepesi na joho fupi la kufika kiunoni, lililoshikizwa mabegani kwa vipande vya Velcro ili likivutwa libanduke. Ukosi uliosimama aliuacha kabisa. Ukosi ule una asili yake. Riwaya ya Bram Stoker, Dracula, ilichapishwa mwaka 1897, lakini ukosi mrefu ulitokana na tamthilia iliyotungwa na Hamilton Deane na kuigizwa Uingereza kuanzia mwaka 1924. Mwigizaji alipoipa hadhira mgongo, ukosi ulimfunika kichwa, naye akapenya mlango wa sakafuni kana kwamba ametoweka. Mtoto wa miaka miwili hana haja ya kutoweka; ukosi ungemkwaruza mashavu tu.

Kazi ilipokamilika, vazi lilikuwa jepesi na laini. Mama akapiga simu nyumbani mchana, huko Mombasa ikiwa saa mbili usiku.

"Mwanangu, huyo mume wangu unamvika nini?" bibi aliuliza.

"Joho tu, Mama. La mnyonya damu."

Bibi alinyamaza kitambo. "Mumiani?" akauliza kwa sauti ya chini. "Jina hilo huku hatulitaji usiku."

Kimya hicho ndicho kilichompa mama kazi ngumu kuliko ya sindano. Neno mumiani lina historia nzito. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa dawa nyeusi mfano wa gundi, iliyosemekana kutoka Uajemi, ambayo wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyogandishwa. Inaongeza kwamba uvumi wa mumiani ulipozuka, watu waliogopa kutoka majumbani baada ya machweo. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000, mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya aina hiyo kutoka Afrika Mashariki na ya Kati. Jijini Nairobi enzi za ukoloni, walioshukiwa kunyonya damu waliitwa wazimamoto.

Hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Mnyonya damu wa Ulaya ana joho, ukosi na meno. Kwa hivyo anaweza kuigizwa jukwaani, kushonewa kizibao, hata kupunguzwa makali hadi akamfaa mtoto mchanga. Mumiani hana vazi lake. Katika masimulizi yale, alivaa sare ya kazi na kupanda gari la serikali, na alfajiri ilipofika hakurudi jenezani bali ofisini. Walioyasimulia walikuwa wakieleza, kwa lugha waliyokuwa nayo, maisha chini ya utawala uliochukua ardhi, kodi na nguvu zao bila kuwauliza. Hofu ya namna hiyo haina kamba ya kukatwa wala pindo la kupunguzwa.

Mama hakulifumua joho. Alimweleza bibi kwamba vampaya wa dukani na mumiani si ndugu, na kwamba hatalitumia jina la mumiani kwa mchezo. Mtoto atavaa joho lake, atapata peremende zake na kulala nalo akitaka. Masimulizi ya bibi atayasikia atakapokuwa na umri wa kuuliza ni nani aliyeogopwa na kwa nini. Bibi aliridhika, akasisitiza tu kwamba mume wake avalishwe soksi mbili mbili.

Kwa hakika, mzazi aliye ugenini huchagua zaidi ya nguo. Huchagua pia ni hofu ipi mwanawe ataivaa kwa mchezo, na ni ipi atakayoirithi kama elimu. Ya kwanza yafaa iwe nyepesi, isibane wala isikwaruze. Ya pili haipunguzwi ili imtoshe mtoto. Mtoto ndiye husubiriwa akue.