Jamaa wa Mbezi Beach, Bakuli la Mninga na Mashine ya Spidi Moja

Ukishuka kutoka Barabara ya Bagamoyo pale Makonde kuelekea baharini, kabla hujafika kwenye yale mageti makubwa yenye mbwa na walinzi, kuna karakana ya bati ambayo utaisikia kabla ya kuiona. Humo ndani kuna jamaa mmoja wa miaka ishirini na tisa, mpole, mchafu wa maranda kuanzia kope hadi ndala, na anakereza miguu ya meza kama hana akili nzuri. Nguzo za vitanda, miguu ya stuli, vishikio vya ngazi za ghorofani. Watu wengi mjini wameegemea kazi yake bila kujua.

Mashine yake alimwachia bosi wake wa zamani aliyerudi kijijini kupumzika. Si ya dukani. Ni fremu ya chuma iliyochomelewa, mota ya umeme wa faza moja, mkanda mmoja na puli mbili. Kwenye mota kuna puli ya inchi 6, juu kwenye shafti inayozungusha mti kuna ya inchi 4. Mota inazunguka kama mara 1,400 kwa dakika. Zidisha kwa 6, gawa kwa 4, unapata mizunguko 2,100. Ndiyo spidi pekee aliyoijua maisha yake yote ya kazi. Unawasha, iko 2,100. Unazima, sifuri. Katikati hakuna kitu.

Kwa mguu wa meza haina shida hata kidogo. Miaka sita alikula kwa spidi hiyo, akalipa kodi, akatuma hela nyumbani.

Sasa akaja mdada mmoja. Jina lake libaki kwake, ila ni wale ambao wakiposti pazia jipya, Kariakoo pazia hilo linaisha. Alikuwa anahamia nyumba mpya hukohuko Mbezi na Jumamosi anakaribisha watu. Alitaka bakuli kubwa la mninga la kuweka matunda katikati ya meza, upana sentimita 40, kipande kimoja, lisiungwe. Akauliza, "Kaka, hizi saizi kubwa unafanya?" Jamaa akajibu, "Saizi zote dada, wewe tu."

Uongo. Hajawahi kukereza bakuli hata la kachumbari. Lakini laki tatu ni laki tatu, na yule dada alitoa nusu palepale.

Jumatano asubuhi akafunga kipande cha mninga kwenye sahani ya chuma kwa skrubu nne. Kipande chenyewe kilikuwa na uzito wa karibu kilo 8, hakijawa duara bado, upande mmoja mzito kuliko mwingine. Pembeni yake alikuwepo mpwa wake, dogo wa miaka 17 kutoka Njombe, kamaliza fomu foo mwaka uleule na dada mtu kamtuma mjini ajifunze kazi kwa anko. Dogo alikuwa mbele ya mashine na ufagio.

Jamaa akawasha.

Mashine haikunguruma kama siku zote. Ilitikisika, kisha ikaanza kutembea yenyewe sakafuni kama friji mbovu. Kabla hajafika kwenye swichi, skrubu zikang'oka, kipande kikaruka, kikapita karibu na sikio la dogo na kutoboa bati la ukutani. Kilikutwa nje, kwenye uwanja wa jirani, kimejichimbia mchangani chini ya mwembe.

Dogo alicheka. Halafu akakaa chini juu ya maranda, na mikono yake ikawa inatetemeka hadi akaikalia.

Jioni dada mtu alipiga simu kutoka Njombe, kama kila Jumatano.

"Mwanangu anakula?"

"Anakula dada."

"Anakusumbua?"

"Hapana, mtoto mzuri."

Hakusema kingine. Usiku ule hakulala, na si kwa sababu ya laki tatu.

Kuna hesabu moja ambayo mafundi wengi wa mtaani hawajawahi kuambiwa, na si kosa lao. Mizunguko kwa dakika inaweza kuwa ileile kabisa, lakini ukingo wa kitu kikubwa unakimbia zaidi kuliko wa kitu chembamba, kwa sababu njia yake ya kuzunguka ni ndefu. Mguu wa meza wenye upana wa sentimita 6 ukizunguka mara 2,100 kwa dakika, ngozi yake ya nje inakwenda kama kilomita 24 kwa saa. Baiskeli ya mtu mwenye haraka. Bakuli la sentimita 40 kwa mizunguko hiyohiyo? Ukingo unakwenda kama kilomita 158 kwa saa. Kile kipande hakikuruka kwa bahati mbaya. Kilirushwa kama gari la usiku kwenye barabara tupu, na mbele yake alisimama mtoto wa dada yake na ufagio.

Alhamisi akaanza kutafuta namna ya kupunguza spidi, na hapa jamaa alifanya vituko viwili.

Cha kwanza: alichukua kile kibonyezo cha kupunguzia feni ya darini, akakiunganisha kwenye mota. Kama mawazo yako yalikuwa yanaelekea huko, acha. Mota za faza moja za aina hii zina koili ya kuwashia na kapasita, na ndani kuna swichi ndogo inayoikata koili hiyo mota ikishashika kasi. Ukiinyima umeme mota ikawa inajikokota, ile swichi haiachii, koili inabaki kazini na inapata moto. Mota ikatoa mlio wa mgonjwa, ikanuka, kapasita ikapasuka paa! Dogo akakimbilia nje. Kapasita mpya, hela imetoka.

Cha pili kilikuwa na akili zaidi. Rafiki yake mmoja alikuwa na skuta iliyokufa injini. Skuta haina gia za kukanyaga, kila mtu anajua, unavuta mafuta inakwenda. Siri iko kwenye mkanda na puli zake. Kila puli imekatwa vipande viwili kama sahani mbili zilizopeana migongo, na mkanda unapita katikati. Sahani zikisogeleana, mkanda unabanwa na kupanda juu, ni kama puli imekuwa kubwa. Zikiachana, mkanda unazama, puli imekuwa ndogo. Ya mbele ikipanuka, ya nyuma inasinyaa. Spidi inabadilika taratibu bila ngazi, kama sauti ya redio. Jamaa akaona kamaliza. Akazing'oa zote mbili, akashinda siku nzima anazifunga kwenye mashine yake.

Hazikufanya chochote. Kasi iligoma kubadilika, na shafti ya juu haikugeuka.

Ndipo mtu akamtajia mzee mmoja anayeishi upande wa Tangi Bovu, fundi mitambo aliyestaafu, aliyefanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo enzi zake. Jamaa akaenda na puli za skuta kwenye mfuko wa rambo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umemuua nani?"

Inaonekana uso wake ulikuwa unasema kila kitu. Akasimulia yote, hata la dogo. Mzee hakumkaripia. Alichukua ile puli ya mbele, akaitikisa, ikalia kama kopo lenye kokoto.

"Unasikia? Humu ndani kuna vyuma vidogo. Injini ikikimbia vinatupwa nje, ndivyo vinavyosukuma sahani. Skuta inajibadilishia yenyewe, haikuulizi. Sasa mota yako inakwenda 1,400 tu, asubuhi hadi jioni. Kwa skuta hiyo ni injini imesimama kwenye taa nyekundu. Hata klachi ya nyuma haijashika. Wewe mwanangu unataka spidi uichague wewe, siyo ikuchagulie."

Mzee akaeleza kwamba viwandani puli za namna hiyo zipo, ila hazina vyuma vya kutupwa. Moja ina skrubu yenye usukani wa kuzungusha kwa mkono, nyingine ina springi nzito inayofuata. Na zina masharti: spidi unaibadilisha mashine ikiwa inazunguka, siyo imezimwa, maana mkanda uliosimama hauwezi kupanda, utaulazimisha na utavunja kitu. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko babu zetu. Mmarekani mmoja, Milton Reeves wa Indiana, alilipata mwaka 1879 akiwa kwenye kazi ya mbao, anahangaika na msumeno unaokwenda mbio kupita kiasi. Yaani tatizo lilelile la Makonde. (Huyuhuyu Reeves baadaye, 1911, alitengeneza gari la matairi manane akidhani watu watalipenda. Hawakulipenda.) Mwaka 1958 Waholanzi wa DAF wakatambulisha gari dogo linaloendeshwa kwa mikanda ya namna hiyo, na leo baadhi ya gari ndogo za Kijapani unazokaa nazo kwenye foleni ya Mwenge zinatumia wazo hilo, ila mkanda wake ni wa chuma.

Jamaa macho yakamtoka. Akataka hiyo ya usukani.

"Una shilingi ngapi?" mzee akauliza.

Akataja.

"Basi fanya ya ngazi."

Puli ya ngazi ni kitu cha kawaida hadi kinachosha kukielezea: puli tatu zimeshikana, kubwa, ya kati na ndogo, na nyingine kama hiyo imegeuzwa kichwa chini. Unahamisha mkanda kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa. Haina ujanja wa redio. Lakini mzee aliongeza kitu ambacho jamaa hakukifikiria, shafti ya kati. Mota yenye puli ya inchi 3 inavuta puli ya inchi 6 kwenye shafti hiyo, 1,400 inakuwa 700. Kwenye shafti hiyohiyo zinakaa ngazi za inchi 7, 5 na 3, zikitazamana na 3, 5 na 7 kule juu. Kila jozi ukijumlisha ni 10, kwa hiyo mkanda mmoja unafaa ngazi zote, unaulegeza tu na kuukaza. Unapata spidi tatu: kama 1,630 kwa miguu ya meza, 700 kwa kazi za kati, na 300 kwa vitu vikubwa.

Kwa 300, ukingo wa bakuli la sentimita 40 unakwenda kilomita 22 na ushee kwa saa. Karibu sawa na ule mguu wa meza aliouzoea. Mzee alimwandikia hesabu hiyo kwenye boksi la sigara na jamaa akaikodolea macho muda mrefu. Na kuna nyongeza ya bure: spidi ikishushwa kwa puli, nguvu ya kuzungusha inaongezeka, patasi ikiuma mti mashine haizimiki.

Puli zilinunuliwa Gerezani, moja mpya na nyingine za mtumba, shafti ikachongwa, beringi mbili, siku nne za kuchomelea na kunyoosha. Maana puli zisipokaa kwenye mstari mmoja mkanda unajitafuna wenyewe kama mbuzi. Na safari hii akaweka kava la chuma juu ya mikanda. Jumamosi ya yule dada ilishapita.

Kuhusu dada. Ijumaa alituma meseji: "Kaka mbona unanizingua?" Jamaa akajibu umeme umekatika. Bahati mbaya kwake, mdada anakaa mitaa miwili kutoka karakana. Akamjibu kwa video ya taa zake zote zimewaka, na sauti ya AC nyuma. Jamaa akakaa na simu kama nusu saa. Halafu akampiga picha lile tundu la bati, akaituma, na chini yake akaandika ukweli wote: kwamba hajawahi kufanya bakuli, kwamba mashine ilikuwa na spidi moja, kwamba nusura aue mtoto wa watu, na kwamba hela yake atamrudishia akitaka.

Tiki za bluu. Kimya hadi kesho yake.

Kisha: "Dogo mzima?"

"Mzima dada."

"Hela kaa nayo. Nitasubiri. Ila usiniongopee tena."

Jumamosi matunda yaliwekwa kwenye sinia. Bakuli alilichukua wiki mbili baadaye, kaja mwenyewe na dereva, kalishika huku na huku, kalipa salio bila kuomba punguzo. Aliliposti, likapata mashabiki wake, ila hakumtaja fundi. Labda alisahau, labda bado ana kinyongo. Haki yake.

Dogo ndiye aliyemwambia mama yake. Alimtumia ujumbe wa sauti bila kumuuliza anko, anasimulia kama filamu, na kelele zote. Simu ya jamaa ikaita dakika hiyohiyo.

"Kumbe siku ile nakuuliza anakula, wewe unajua?"

"Najua dada."

"Ukaninyamazia."

"Nilinyamaza."

Dada mtu alilia, akatukana kidogo kwa Kibena, akasema kesho anatuma nauli mtoto arudi. Nauli ilikuja kweli. Dogo akakataa kupanda basi, akasema mashine sasa ina kava na spidi tatu na yeye ndiye anayehamisha mikanda. Mabishano yalichukua wiki. Mwisho mama alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo limeandikwa kwa chaki ukutani, pembeni ya tundu: kipande kipya kikiwashwa mara ya kwanza, mtu asisimame mbele.

Juzi kaja mteja mwingine kwenye simu, kaona bakuli la yule dada na kapata namba anakojua mwenyewe. Anataka mawili, makubwa zaidi, Jumamosi. Jamaa kamwandikia: wiki tatu.

"Wiki tatu kwa bakuli???"

Hajamjibu bado. Alikuwa anamshikia dogo tochi, mkanda ulikuwa umekaa ngazi isiyo yake.