Mbasela ya Kashikishi

Soko la Kashikishi linaanzia pale mchanga wa ufukweni unapoishia. Upande mmoja Ziwa Mweru, upande wa pili barabara ya lami inayoshuka na bonde la Luapula kutoka Mansa. Nchelenge, makao ya wilaya, imeungana nalo kiasi kwamba mgeni hajui ameuacha mji upi na ameingia upi. Nilifika asubuhi, mitumbwi iliyovua usiku kwa taa ikiwa imekwisha kushusha mzigo. Mzigo wenyewe ni chisense: ndugu wa dagaa wetu, lakini mdogo zaidi, wa rangi ya fedha akiwa mbichi na ya majivu akishakauka. Nilimwita kapenta, nikidhani nimejifunza Kizambia. Nikasahihishwa na watu wawili kwa pamoja. Kapenta, nikaelezwa, ni wale wa Tanganyika na Kariba. Hawa ni chisense.

Wanawake huketi nyuma ya marundo, chitenge kiunoni, na kupima kwa kopo wanaloliita meda. Kwetu tungesema kisado. Mama niliyemchagua alijaza kopo, akalivika kilemba juu, akamimina mfukoni mwangu. Kisha akauliza neno moja: “Mbasela?”

Nikafikiri ni aina nyingine ya samaki. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba sitaki mbasela, nataka chisense tu.

Kicheko kikaenda kutoka meza hadi meza, na kila kilipofika kisa kilisimuliwa upya kwa Kibemba. Aliyeniokoa alikuwa mchuuzi aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo, mwenye Kiswahili cha Katanga. “Iko ya bure, baba,” akasema. “Kamata.” Sisi Dar es Salaam anayekamata ni polisi, kwa hiyo nilisita mara ya pili kabla ya kuupanua mfuko. Mama akachota konzi moja, akairusha ndani, na biashara ikaisha.

Mbasela, basi, ni nyongeza: kile anachotiliwa mnunuzi baada ya kipimo kutimia. Neno limetembea sana, na huko Afrika Kusini wanasema bonsela. Jambo lenyewe si geni kwetu. Hata Kariakoo muuza nyanya hukuwekea moja juu ya fungu. Ila kwetu nyongeza huombwa kwa sauti ya kulalamika, na hutolewa kwa uso wa mtu anayefilisika. Hapa ina jina lake na zamu yake, na anayeondoka bila kuipokea ndiye anayeonekana ana kasoro.

Nilimkumbuka mdogo wangu wa kike aliyeko Columbus, Ohio, ambaye hatoki dukani bila kuipiga picha risiti. Anatumia programu iitwayo Ibotta, iliyoanzia Denver na kuingia kwenye simu za watu mwaka 2012. Kabla ya kwenda dukani anachagua ofa: maziwa ya kampuni fulani, sabuni ya kampuni fulani. Akinunua, risiti inasomwa, senti zinaingia kwenye hesabu yake, nazo hukaa humo mpaka zifikie kiwango cha kutolewa. Fedha hizo hutoka kwa watengenezaji wa bidhaa, ambao wanalipia kumvuta aache sabuni aliyoizoea. Ananiambia anaokoa. Namwamini, ingawa nyumbani kwake niliona chupa nne za mchuzi wa nyanya ambazo hakuna anayezila.

Sasa hapa Kashikishi risiti iko wapi? Hakuna karatasi, hakuna mashine, na kopo halina nembo. Mama hahitaji kujua nilinunua nini wiki iliyopita. Anachotaka ni nirudi kesho kwake, si kwa jirani yake anayeuza chisense wale wale kwa kopo lile lile. Hilo na wale wa programu ya Denver wanalitaka. Tofauti niliyoiona ni kwamba mbasela ya mama inafika kabla sijaondoka, na ikiwa ndogo naweza kumwambia. Mdogo wangu atamwambia nani?

Nisimpambe mama kupita kiasi, lakini. Niliporudi siku ya pili nilitazama kitako cha kopo: kimebonyea kwa ndani, na bonyeo lile si mbali sana na konzi moja. Sikusema kitu. Mchuuzi wa Kongo aliniona nikitazama, akageukia ziwa kana kwamba kuna meli. Aliniambia baadaye kwamba kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, serikali inapofunga uvuvi ili samaki wazaliane, konzi hugeuka ncha za vidole.

Na sisi tuna mbasela yetu iliyopinduliwa, ambayo mkulima yeyote wa viazi Njombe anaijua: lumbesa. Gunia linashonewa kichwa, linajazwa hadi lishindwe kusimama, na mnunuzi analipia gunia moja tu. Wakala wa Vipimo wanaipiga marufuku kila mwaka. Huyo mnunuzi naye anapata nyongeza, ila hajarushiwa, amejichotea.

Mara moja tu nimewahi kurushiwa konzi na simu bila kuomba. Mwaka 2014 Tigo Pesa walianza kuwagawia wateja faida iliyotokana na fedha zao zilizokaa benki, na mimi nikaamka nikakuta shilingi ambazo sikuzitafuta. Nilinunua vocha. Miaka saba baadaye ikaja tozo ya miamala, na simu ikajifunza kuchota kwa upande wake. Wazambia nao walianza kutozwa yao Januari 2024. Pengine ndiyo sababu mama wa chisense, ingawa mawakala wa fedha za simu wamejipanga chini ya miavuli hatua ishirini kutoka mezani pake, aliniomba kwacha za karatasi.

Jioni, nyumba ya wageni, nilitandaza gazeti, nikaimwaga mbasela ya siku ya tatu juu yake: chisense thelathini na saba, mmoja bila kichwa. Nikapiga picha, nikaituma Columbus, nikaeleza kwamba hii ndiyo risiti yangu ya leo. Jibu lilikuja usiku.

“Imekataliwa, kaka. Haina tarehe.”