Kichwa si Daftari

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima katika Wilaya ya Kilwa. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya vijijini. Kwa miaka mingi nimewaambia wanakisomo, "Andikeni, msitegemee kukumbuka." Lakini mimi mwenyewe nilitegemea kukumbuka. Sikiliza yaliyonipata.

Kila asubuhi nilitoka nyumbani, Kilwa Masoko, na mambo mengi kichwani. Kuna ripoti ya mwezi. Kuna kalamu za darasa. Kuna salfa ya mikorosho ya baba. Kuna sare ya mtoto. Usiku usingizi haukuja. Nililala nikihesabu kazi ambazo sikuzifanya. Nikawa mtu wa hasira. Niligomba na mke wangu bila sababu.

Jumamosi moja niliahidi kufika katika kijiji cha pwani saa 4 asubuhi. Nilisahau. Watu 19 walinisubiri chini ya mwembe mpaka adhuhuri.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuomba radhi. Mama mmoja, mchokoa pweza, alisimama. Wewe unayekaa pwani unaijua kazi hiyo. Hutegemea bamvua, wakati mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Hapo maji hupwa sana, na miamba huonekana. Siku hizo ni chache katika mwezi. Jumamosi ile ilikuwa siku ya bamvua, na saa 4 maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Mama yule aliacha pweza wake kwa ajili yangu.

Hakunitukana. Alifungua daftari lake akanionyesha. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: JUMAMOSI DARASA SAA 4.

Akaniuliza, "Mwalimu, mimi niliandika. Wewe hukuandika?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anionyeshe kurasa nyingine. Ukurasa mmoja ulikuwa na siku za bamvua. Mwingine ulikuwa na madeni. Mwingine ulikuwa na kazi za nyumbani. Kazi iliyokwisha aliipiga mstari.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Tangu miaka ile tunasema kisomo kiwe na manufaa. Mama yule aliyapata manufaa hayo. Mimi niliyemfundisha kuandika nilikuwa sijayapata.

Jioni ile nilinunua daftari dogo. Tangu siku hiyo nafanya hivi:

1. Kila usiku, kabla ya kulala, naandika kazi za kesho. Siandiki zaidi ya tatu kubwa.

2. Kazi yenye saa maalumu naiandika pamoja na saa yake. Maji hayamngoji mtu, na watu pia huchoka kungoja.

3. Kazi za msimu zina ukurasa wake: kupalilia ufuta, kupulizia mikorosho, kuokota korosho. Sizibebi kichwani kila siku.

4. Kazi iliyonishinda naihamishia siku nyingine. Kama inamhusu mtu, namwambia mapema.

Sitakudanganya. Kazi zangu hazikupungua. Siku nyingine hata hizo tatu hazimaliziki. Lakini silali nazo tena. Zimelala ndani ya daftari, nami nalala kitandani. Nyumbani tunazungumza vizuri.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Siku nazo ni mali. Bamvua ile ya mama yule haikurudi, na sikuweza kumrudishia. Nililoweza ni hili: siku hizi, kabla ya kupanga siku ya darasa kijijini kwake, namwomba kwanza afungue ukurasa wake wa bamvua.

Ndugu msomaji, sasa unajua kuandika. Leo usiku chukua daftari na kalamu. Andika kazi zako tatu za kesho. Kisha ulale.