Mkanda wa Ziada

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msinichape. Leo nivumilieni niandike kuhusu mashine ya aina nyingine kabisa.

Sababu ni hii. Juzi seva ya mteja mmoja ilizimika usiku, na nilipokwenda kutafuta nakala rudufu nikakuta mimi mwenyewe nilikuwa nimezihamisha "kwa muda tu" ili nipate nafasi kwenye diski. Nilicheka peke yangu saa nane ya usiku, kicheko kichungu, maana kosa hilo hilo nilishalifanya. Nililifanya mlimani, kwenye theluji, kilomita 22 kutoka kwenye gari.

Baadhi yenu mnakumbuka nilikaa Calgary, Kanada, miezi 14 kwa mkataba wa kazi. Dada yangu ameolewa huko. Mumewe, ambaye humu nitamwita Shemeji tu, ni mtu wa kwetu, lakini baridi imemwingia damuni. Wikendi haimkuti nyumbani. Majira ya baridi ya kwanza alinipeleka kujifunza skii kwenye viwanja vya kulipia, vile vyenye viti vya kamba vinavyokupandisha juu ukiwa umekaa kama mkubwa. Nilianguka mpaka nikazoea. Majira ya pili, Januari 2019, akasema sasa nimekomaa, twende nyuma ya milima.

"Nyuma ya milima" maana yake ni kule ambako hakuna kiti cha kamba, hakuna mlinzi wala mtu wa kukuuzia chai. Theluji haijakanyagwa. Kwa kawaida watu hufika huko kwa miguu: unabandika ngozi chini ya skii (zamani ilikuwa ngozi ya sili, siku hizi ni kitambaa cha nailoni au manyoya ya mbuzi) ili zisirudi nyuma, unapanda saa nne au tano, unazibandua, unateremka kwa dakika chache. Ndiyo, dakika chache. Mimi niliuliza swali ambalo na wewe unauliza sasa hivi, na Shemeji akajibu kwa kufungua gereji.

Ndani kulikuwa na pikipiki ya theluji.

Ngoja nieleze chombo chenyewe, kwa sababu kilinipendeza kama mtu wa mitambo. Mbele kina skii mbili za kuongozea badala ya gurudumu. Nyuma kina mnyororo mpana wa mpira kama wa tingatinga, na ile ya milimani mnyororo wake ni mrefu. Huu wa Shemeji ulikuwa wa inchi 165, yaani zaidi ya mita 4 ukiupima mzunguko wote, wenye meno ya mpira ya inchi 3 ya kuchimba theluji laini. Uzito ni kama kilo 200 bila mafuta. Injini ni ya kuunguza oili pamoja na petroli, kama ya msumeno wa kukatia miti, ila hii ina nguvu kuliko gari ndogo nyingi za Nairobi. Mafuta unayabonyeza kwa kidole gumba. Na jambo lililonishangaza kuliko yote: injini inapozwa na theluji. Mnyororo unarusha theluji juu, inagusa mabomba ya maji yaliyo chini ya kiti, maji yanapoa. Ukipita kwenye barafu ngumu isiyorushika, injini inachemka huku nje ni nyuzi 14 chini ya sifuri!

Gia hazipo. Kuna puli mbili zinazotanuka na kubana, na katikati yake mkanda mmoja wa mpira, mpangilio ule ule wa skuta. Nguvu yote ya injini inapita kwenye mkanda huo mmoja. Shikilia hapo.

Mvumbuzi anayetajwa sana ni Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Valcourt, Quebec. Mwaka 1934 mtoto wake mdogo alifariki kwa sababu theluji ilikuwa imefunga njia ya kwenda hospitali. Mwaka 1937 alipata hataza ya gari lake la theluji la kubeba watu saba, na mwaka 1959 akatoa ile ndogo ya mtu mmoja au wawili, Ski-Doo. Inasemekana jina lilikuwa liwe Ski-Dog, herufi moja ikakosewa, wakaliacha hivyo. Waandishi wa programu tunaijua hiyo: hitilafu ikikaa vizuri inaitwa sifa.

Basi tukaondoka Calgary Ijumaa usiku kuelekea magharibi kwa barabara kuu namba 1 mpaka Revelstoke, mji mdogo kando ya mto Columbia. Tulikuwa watatu: mimi, Shemeji, na jirani yake Mkanada, fundi wa lifti, mwenye pikipiki yake ya kampuni nyingine. Revelstoke ndiyo makao makuu ya Avalanche Canada, shirika linalotoa utabiri wa maporomoko ya theluji, na si ajabu liwe hapo. Tarehe 13 Machi 2010, kwenye mlima Boulder ulio karibu na mji huo, poromoko moja liliwakuta watu kama 200 waliokusanyika kutazama waendesha pikipiki za theluji wakishindana kupanda. Wawili walikufa, 31 wakajeruhiwa. Shemeji alinisimulia habari hiyo tukiwa kwenye gari, taratibu, kisha akaniuliza kama bado nataka kwenda. Nikasema ndiyo. Utabiri wa siku hiyo ulikuwa ngazi ya 2 kati ya 5 kwa miteremko ya chini, na 3 kwa juu. Tukakubaliana kubaki chini.

Asubuhi tulipakia. Hapa ndipo bodaboda wetu wangejisikia nyumbani. Nyuma ya kiti kuna kibao kirefu cha bati, na hapo unafunga kila kitu: jerikeni ya petroli, skii, fimbo za skii, begi la vifaa. Skii usizifunge kwa kukingama, zitakunasa kwenye miti, zifunge kwa urefu. Sepetu na fimbo ndefu ya kumtafutia mtu aliyezikwa haviwekwi kwenye pikipiki kamwe, vinakaa mgongoni mwako, kwa sababu theluji ikikuchukua huenda wewe na pikipiki mkaenda njia tofauti. Kadhalika transiva, kile kiredio cha kifuani kinachotoa mawimbi ya kilohezi 457 ili wenzako wakupate. Shemeji alinikagua kama askari. Simu yangu ilikuwa mfuko wa kifua, juu ya transiva. Akaitoa. Simu inaingilia mawimbi. Iwe angalau sentimita 20 mbali ukitembea, na sentimita 50 ukiwa unamtafuta mtu. Nikaona aibu, mimi ndiye mtu wa teknolojia.

Sasa kamera yangu. Nilikuwa nimenunua lenzi mpya na sikutaka kuibeba mgongoni nikaiangukie. Begi la nyuma lilikuwa limejaa. Nikachungulia ndani: zana, plagi za akiba, kamba, na mkanda mzito wa mpira ndani ya karatasi yake. Nikautoa, nikauweka kwenye kiti cha gari, nikaingiza kamera na chupa ya chai. Sikumwambia mtu. Haikunijia hata kwamba ni jambo la kumwambia mtu.

Tukapanda kwa barabara ya malori ya magogo, ambayo majira ya baridi haiondolewi theluji. Pikipiki ya milimani imeundwa kwa mtu mmoja, kwa hiyo mimi nilisimama ubavu mmoja na Shemeji ubavu wa pili, kila mtu ameegemea nje kusawazisha uzito. Kilomita 22 kwa dakika 45. Sehemu moja miti ilikatika ghafla, pakawa na uwazi kama upana wa uwanja wa mpira unaoshuka kutoka juu kabisa hadi chini ya barabara. Tuliupita kwa sekunde kumi hivi. Nakumbuka nilifikiri, mahali pazuri pa picha.

Siku yenyewe siwezi kuieleza nikatosheka. Shemeji alikuwa anatuvuta kwa kamba mpaka juu ya kilima (kamba unaishika mkononi, hujifungi nayo, ili uiachie lolote likitokea), tunateremka kwenye unga mweupe wa magotini, Jirani anatungoja chini, tunarudia. Mteremko ambao kwa miguu ungeupanda mara mbili kwa siku sisi tuliupanda mara tisa. Nilipiga kelele kama mtoto.

Ilipofika karibu saa tisa, Shemeji akiwa ananipakia mimi na mizigo kwenye theluji nzito, tukasikia mlio kama wa bunduki ndogo. Injini ikapaa sauti, pikipiki ikasimama.

Akafungua kifuniko. Mkanda ulikuwa umechanika vipande, nyuzi zake zimejisokota kwenye puli kama tambi.

"Hakuna neno," akasema. "Shemeji, nipe ule wa ziada, uko kwenye begi la nyuma."

Nilijua kabla hajamaliza.

"Uko kwenye gari."

"Gari gani?"

"Gari letu, Shemeji. Niliutoa asubuhi. Nilitaka nafasi ya kamera."

Alinyamaza muda mrefu. Angenitukana ningepumua. Alikaa juu ya kiti, akavua glavu, akazivaa tena. Mkanda wa akiba wa Jirani tuliujaribu, haukuingia, kampuni zile mbili haziazimani. Kuikokota pikipiki kutoka kwenye theluji laini ile, kwa pikipiki moja, haikuwezekana. Na jua la Januari huko linazama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Uamuzi ulikuwa huu: Jirani ateremke peke yake upesi, achukue mkanda garini, arudi. Sisi tusimngoje pale. Tubandike ngozi, tuteremke kwa miguu kwenye alama zake, ili tusigande, na ili kama naye akikwama tuwe tumeshapunguza safari. Shemeji alihifadhi eneo la pikipiki kwenye kifaa chake cha setilaiti, na akamtumia dada yangu ujumbe: tutachelewa kidogo.

Tulitembea. Pikipiki ilikuwa imeninyima kitu ambacho sikujua nimenyimwa. Kwa miguu, theluji inakuambia habari zake. Kwenye kingo ya barabara nilikanyaga pembeni, nikasikia sauti nzito chini yangu, mfano wa mtu anayekalia godoro, na theluji yote kunizunguka ikashuka kidogo. Shemeji akasimama papo hapo. Akanieleza kwamba hiyo ni tabaka dhaifu lililozikwa likivunjika, na kwamba ni mojawapo ya dalili mbaya kabisa unazoweza kusikia. Asubuhi tulipita hapo hapo tukiwa na kelele za injini na kofia ngumu masikioni. Labda ilituambia. Hatukusikia neno.

Kisha tukafika kwenye ule uwazi. Giza lilikuwa limeingia, tuna taa za kichwani. Sasa niliuona ulivyo: si mahali pa picha, ni njia ambayo maporomoko huteremkia, ndiyo maana miti haioti, na vichaka vilivyopo vimelala vyote vikielekea chini. Asubuhi sekunde kumi. Kwa miguu, karibu dakika tatu. Hatukuwa na njia nyingine. Shemeji akasema tuvuke mmoja mmoja, ili mmoja abaki wa kuchimba.

"Nitatangulia mimi," nikasema.

"Wewe una nini cha kuthibitisha? Kaa hapo, uangalie taa yangu. Usiitoe macho."

Akaenda. Nilikaa nikiangalia taa moja ndogo ikiyumba kwenye uwazi ule, huku nikiwaza dada yangu, na lenzi ya milimita 70 hadi 200 iliyokuwa mgongoni mwangu. Sijawahi kuchukia kitu cha bei ghali kiasi kile. Ilipofika upande wa pili taa ikanipungia mara mbili. Nami nikavuka. Sikuhesabu hatua, watu husema walihesabu, mimi sikuweza.

Jirani alitukuta mbele kidogo ya hapo, mkanda ukining'inia shingoni mwake kama shada. Alimbeba Shemeji, nami nikashika kamba nyuma. Kurudi kuitengeneza pikipiki usiku ule chini ya mteremko unaozungumza ilikuwa nje ya mjadala. Tuliifuata kesho yake mchana, baada ya kusoma utabiri mara mbili, na tulichoona kwanza ni usukani tu. Usiku upepo ulikuwa umeifunika. Kufunga mkanda mpya kulichukua dakika saba.

Tangu siku hiyo Shemeji hufunga mkanda wa ziada kwa waya ndani kabisa ya kifuniko cha injini, mahali ambapo kamera haiingii. Alinitumia picha yake. Hakuandika maneno.

Na ule ujumbe wa "tutachelewa kidogo" dada yangu aliuamini hadi leo. Ila nakumbuka sasa hivi, nikiwa karibu kubonyeza kitufe cha kuchapisha, kwamba yeye huisoma blogu hii. Dada, pole. Usimuulize Shemeji, niulize mimi. Wengine, tukutane kwenye hifadhidata.