Wati 5000 za wapi?

Wenzangu, kabla hujatoa hela yako ya kibarua ununue sabufa pale Busia, igeuze usome nyuma. Kwenye boksi wameandika 5000W P.M.P.O. Nyuma kibandiko kinasema inakula umeme wati 60. Sasa zile zingine zinatoka wapi? Kwenye ukuta hazitoki! P.M.P.O. ni kilele cha kufumba na kufumbua, na kila kiwanda kinakipima kivyake. We uliza RMS, ile nguvu inayodumu.

Huku Tororo tunapima redio kwa mabati yanavyotetemeka. Lakini kishindo si ubora. Mashine ya daraja la juu inakupa kilichorekodiwa, haiongezi wala haipunguzi. Weka rumba ya Franco na OK Jazz: unaweza kufuata kila gitaa peke yake? Au besi imemeza mpaka mwimbaji?

Wengine watasema hayo ni mambo ya matajiri. Sisi tulivuka mipaka mikono mitupu, na vingi tulivyobaki navyo ni sauti. Marehemu babu aliimba kwaya, na kaseti yao moja tuliihamishia kwenye memori kadi. Kwa sabufa ya jirani nasikia dum-dum tu. Kwa ampli ya mtumba, nzito kwa sababu ya transfoma yake, na spika mbili kuukuu za mbao, nasikia babu anavyovuta pumzi kabla ya ubeti.

Basi ukienda dukani, beba wimbo unaoujua vizuri. Usikilize kwa sauti ya chini kwanza.