Gobori la Baba

Nyumbani kwangu imetundikwa fimbo ya mkwaju aliyoitegemea marehemu baba yangu katika miaka yake ya mwisho. Wageni wakiniuliza habari zake, huwaambia ni ya mzee, basi. Leo nataka kusema kweli yote, kwa maana sababu ya fimbo ile ni mimi.

Baba alikuwa na gobori, bunduki ya kizamani ijazwayo kwa mdomo. Kwanza humiminwa baruti, kisha hutiwa kitambaa na risasi, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Mwisho huwekwa fataki. Ukiisha kupiga mara moja, una rungu tu mkononi mpaka uijaze tena. Kwa hiyo baba hakumpiga nyati asipokuwa amemkaribia hatua 20, naye nyati ameonyesha ubavu, ili risasi ipite nyuma ya bega, iingie moyoni au mapafuni. Mara nyingi alirudi mikono mitupu, nasi vijana tukamcheka kwa siri.

Mwaka mmoja nyati waliharibu mpunga wetu katika bonde la Kilombero, baba akapewa kibali cha kuua mmoja. Nilimsihi aniachie nipige mimi, akakubali. Alfajiri tulimwona dume kando ya matete, yapata hatua 50, ametupa mgongo. Baba akaninong'oneza, "Bado, mwanangu." Mimi niliogopa ataponyoka. Nikafyatua.

Moshi ulipotawanyika, nyati hakuwapo. Palikuwa na matone ya damu tu. Baba akaijaza bunduki upya bila kunigombeza. Nikamwambia, "Baba, turudi." Akajibu, "Nyati mwenye jeraha atamdhuru mwanamke aendaye mtoni kuteka maji. Deni hili ni letu." Nikataka kumfuata, akanizuia. Akaingia matete peke yake.

Kumbe yule nyati alikuwa amezunguka, akajificha kando ya njia yake mwenyewe, kama ilivyo desturi yao. Nilisikia mlio mmoja, kisha sauti ya baba. Nilimkuta nyati amekufa, na mguu wa baba umevunjika chini yake. Tulimbeba kwa kitanda.

Tangu siku ile alichechemea. Watu walipomwuliza, alijibu, "Nyati alinipata." Hakunitaja hata mara moja, na ukimya ule ulinichoma kuliko kiboko.

Baadaye, nilipokuwa mwalimu, nilisoma habari za Mskoti Walter Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Aliua tembo zaidi ya 1,000, hesabu ya kuhuzunisha kwetu leo. Lakini wengi aliwaua kwa bunduki nyepesi ya milimita 7, ambayo wenziwe waliidharau. Alikuwa amepasua fuvu la tembo ili ajue ubongo ulipo. Ndipo nilipofahamu kwamba gobori halikuwa na kosa siku ile. Kosa lilikuwa la mkono ulioharakisha.

Siku hizi, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwinda bila kibali ni hatia, nami sina hamu tena ya bunduki. Lakini mara nyingi darasani neno kali limenifika ulimini, juu ya mtoto aliyekosa, nikasikia nyuma yangu mtu akininong'oneza, "Bado, mwanangu." Nikanyamaza kwanza, nikamtazama mtoto vizuri.